Kinga ya Mwita

Wenzangu wa darasa la jioni, na ninyi majirani mnaonisimamisha kisimani ndoo ikiwa kichwani, mmeniuliza ilikuwaje. Nimesimulia mara nyingi mpaka nimejigundua: kila ninaposimulia naruka kipande kilekile, halafu nasingizia kwamba maharage yanaungua jikoni. Kwa hiyo nimeandika yote kwenye daftari hili, na kipande hicho kimo. Kusoma mnajua, mimi ndiye niliyewafundisha. Asiyejua ni yule aliyekuwa akisinzia darasani, na anajijua.

Kwa mgeni atakayelishika daftari, Mwita ni mdogo wangu, tumbo moja, mimi nikitangulia na yeye akinifuata. Nilipoolewa, ng'ombe za mahari yangu ndizo alizomwolea Rhobi, mke wake. Ndiyo desturi yetu Wakurya, na ndiyo iliyofanya mimi na yeye tutaniane maisha yote. Alikuwa bwana mifugo. Serikali ilimpeleka ng'ambo kusoma zaidi, na huko mafigo yake yote mawili yakafa. Nikaitwa, nikapandishwa ndege, nikapasuliwa ubavu, figo langu moja likawekwa ndani yake. Nilipozinduka nilimkuta kwenye kitanda cha pili ananitazama.

"Dada," akasema, "nilikula ng'ombe zako, sasa nimekula na nyama yako."

Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Alirudi kijijini kwetu Mbalibali akiwa mzima, akaishi nasi mwaka mmoja na miezi. Alitakiwa kumeza vidonge kila siku ya maisha yake, vyeupe na vya njano. Daktari wa kule alinieleza kazi ya vile vya njano, na mimi nikamweleza mama kwa maneno ambayo leo natamani ningeyameza: "Vinapunguza kinga ya mwili wake, ili mwili usilikatae figo langu." Mama yetu hajui Kiswahili isipokuwa maneno machache, na "kinga" ni mojawapo. Kwake kinga ni ile aliyomfunga Mwita mkononi alipokuwa mchanga, ili jicho baya na ugonjwa vimpite mbali. Akaniuliza, "Yaani wamemtoa kinga, halafu wakamrudisha nyumbani hivyohivyo?" Nikamwambia kinga hii si ile. Akanyamaza, nami nikadhani ameelewa.

Mbalibali hadi Mugumu, kwa mkokoteni

Kichwa kilianza kumuuma mvua za masika zilipoanza. Mwanzoni alisema ni jua. Baadaye akaanza kuona vitu viwili penye kimoja. Alisimama zizini akaniita, "Bhoke, njoo uone, mahari yako imerudi maradufu." Nilicheka tena. Siku niliyoacha kucheka ni ile aliyomwomba Rhobi jembe ili anywee uji. Rhobi alidhani utani, akampa jembe kweli. Akalishika, akaligeuza, akalia.

Zahanati walimpa dawa ya malaria, wakampa tena, kisha wakasema apelekwe Tarime, kuna daktari anayeweza kutoa maji ya mgongoni na kuyapima. Habari za barua na vibali naziruka, mnajua wenyewe tunavyopigwa danadana. Rhobi alikuwa na mimba, tumbo limeshashuka, hakuweza kusafiri. Tukaenda mimi, mama, na Mwita aliyelala kwenye mkokoteni wa kijiji juu ya majani makavu, kichwa amekifunika kwa khanga kwa sababu mwanga ulimchoma macho.

Tulipofika mto Manchira ng'ombe waligoma kuingia majini, tukakaa tukisubiri wabadili mawazo. Hapo ndipo nilipoona uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono wa Mwita, una kijipande cha gome. Mama alikuwa amemfunga kinga nyingine bila kuniambia. Nilikasirika. Niliona hospitali watatucheka, mwalimu wa elimu ya watu wazima analeta mgonjwa na hirizi. Nikatoa wembe wangu wa kuchongea penseli, nikaukata ule uzi, nikautupa mtoni. Mama aliutazama ukichukuliwa na maji. Ng'ombe nao kama waliokuwa wakingoja hilo, wakaingia majini wakavuka.

Mugumu hadi Nyambureti, kwa lori la unga wa njano

Mugumu hakukuwa na petroli. Tulilala siku mbili kwenye baraza la duka la ushirika, tukila ugali wa mtama kwa mboga ya kunde, na chai isiyo na sukari kwa sababu sukari mwaka ule tuliisikia kwenye redio tu. Siku ya tatu likapatikana lori lililokuwa likigawa unga wa njano vijijini. Dereva akasema anakwenda Nyamongo. Hakusema kwamba anapitia Nyambureti kwanza, ambako ni upande mwingine kabisa. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwalimu, lori lina tumbo, lazima lishushe."

Ndani ya lori watu walikaa juu ya magunia. Nafasi nzuri ilikuwa nyuma ya kichwa cha gari, mahali pasiporusha sana. Nikamwomba bwana mmoja aliyekaa hapo ampishe mgonjwa. Bwana yule akamtazama Mwita usoni. Vile vidonge vyeupe vilikuwa vimemjaza mashavu mpaka uso ukawa duara kama wa mtoto anayenyonya vizuri.

"Mgonjwa gani huyu?" akauliza. "Mashavu yote haya? Mimi ndiye mgonjwa, nimekula mara moja tangu juzi."

Watu wakacheka. Mwita naye akacheka, kwa kuchelewa, wengine walipokuwa wameshaacha. Hapo yule bwana akainuka mwenyewe bila kuambiwa tena.

Nyambureti tulikaa mchana kutwa. Unga uligawiwa kaya kwa kaya, na kila kaya ilikuwa na malalamiko yake: huu unanuka, huu ni chakula cha kuku wa Wazungu, huu unafanya ugali usishikane. Mama mmoja akatupikia huohuo waliokuwa wakiulaani, kwa maziwa ya mtindi, akatukaribisha kwa moyo mweupe kabisa. Mwita alikula kidogo, akatapika, akaomba radhi kwa Kikurya. Kiswahili kilikuwa kimeanza kumtoka. Yeye aliyekuwa akinisahihisha ngeli zangu! Kila nilipomsemesha kwa Kiswahili alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemwelewa.

Mama ndiye aliyekuwa akishika kopo la vidonge. Alilishika tangu Mwita arudi, akilining'iniza juu darini watoto wasilifikie, na ndiye aliyempa kila asubuhi. Pale Nyambureti nilimwona akimpa vyeupe, akalifunga kopo. Nikamuuliza, "Na vya njano?" Akasema, "Amekwisha meza." Nilimwamini, kwa nini nisimwamini mama yangu?

Mto Mara

Mto Mara tuliukuta umejaa, maji yamepita juu ya mahali pa kuvukia magari. Dereva akazima injini, akavua viatu, akalala chini ya lori. Hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa yetu rasmi. Tulikaa pale siku moja na nusu, watu wa lori letu pamoja na wengine tuliowakuta, upande wa pili nao wamejaa wakitutazama kama sisi tulivyowatazama.

Siku ya pili saa tatu asubuhi Mwita aliketi, akageuza shingo upande kana kwamba ameitwa, kisha mwili wote ukakakamaa ukaanza kurukaruka. Povu likamtoka. Mtu mmoja akapiga ukelele, "Kifafa! Msimguse, mate yake yanaambukiza!" Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Nami, niliyeandika ubaoni mara ngapi kwamba kifafa hakiambukizi, nilisimama palepale, sikumsogelea.

Aliyekuja ni mama wa Kijaluo aliyekuwa na tenga la samaki wakavu, akienda kuuza. Mama Akinyi, ndivyo alivyojitambulisha baadaye. Alipita katikati ya watu, akaketi mchangani, akamlaza Mwita ubavu, akaweka kichwa kile chenye povu juu ya paja lake.

"Wewe dada, unaangalia nini? Leta maji. Wewe mama, usilie, shika miguu yake tu, usikaze. Ninyi wanaume, hii ni mtu, si nyoka."

Mshtuko ulipopita alimfuta mdomo kwa upindo wa gauni lake mwenyewe. Nikamwambia kwamba ndugu yangu hana kifafa, amewekewa figo, na figo lenyewe ni langu. Akanitazama, akatazama ubavu wangu, akacheka kidogo kwa mshangao.

"Kwa hiyo umebeba mtu ambaye amekubeba," akasema. Akatuchagulia samaki wawili wakubwa, akakataa kabisa kushukuriwa.

Mchana maji yalipungua, tukavuka. Mama Akinyi alibaki ng'ambo ile, maana alikuwa amevuka kabla mto haujajaa, akingoja gari la kuelekea tulikotoka. Sikumwona tena. Akisomewa daftari hili huko aliko, ajue kwamba wale samaki tuliwala.

Nyamongo hadi Tarime

Lori lilitushusha Nyamongo, tukalala hapo, tukaambiwa landrova ya misheni itapita asubuhi. Tukatembea polepole kuelekea mahali inaposimama, Mwita katikati, mimi huku na mama kule, naye akiyumba. Saa nne asubuhi. Mgambo wawili wakatusimamisha.

"Ndugu, huyu amelewa saa za kazi?"

"Si mlevi. Ni mgonjwa wa kichwa."

"Mgonjwa wa kichwa ananenepa hivi? Ndugu, jina lako nani?"

Mwita akamjibu kwa Kikurya, ulimi mzito, kwamba ng'ombe wameshaogeshwa. Mgambo akamwambia mwenzake, "Umesikia? Gongo hiyo." Wakataka kutazama mizigo yetu. Mpaka wa Kenya pale Sirari ulikuwa umefungwa miaka ile na kila mtu alikuwa akipekuliwa kwa kushukiwa magendo, basi walipoona kopo lenye maandishi ya kigeni wakafurahi kama waliookota mbuzi. Mkubwa wao akatandika kofia yake chini, akamimina vidonge vyote ndani yake vihesabiwe.

Sikuhitaji hesabu yao. Kopo lile lilikuwa la miezi mitatu, na mwezi wa tatu ulikuwa ukingoni. Vyeupe vilibaki vichache, kama ilivyotakiwa. Vya njano vilijaza kofia.

Nilimgeukia mama. Alikuwa akitazama chini.

Hiki ndicho kipande ninachoruka kila siku. Pale njiani, mbele ya mgambo, mbele ya watu waliosimama kutazama, nilimwambia mama yangu, aliyenizaa na kuninyonyesha: "Umemuua mwanao kwa ushamba wako." Nikasema kwa Kiswahili kwanza, halafu nikaona hakuelewa, nikarudia kwa Kikurya, neno kwa neno, kama ninavyowarudilia ninyi darasani. Nikamwambia hao watu walinipasua bure. Nikamwambia nilikata mwili wangu ili yeye aje auchezee na hirizi zake.

Mama hakukana. Alisema, "Kichwa kilipoanza, nikajua kinga imekwisha. Vile vyeupe vilimpa hamu ya kula, nikaendelea kumpa. Hivi vingine nikampa leo, kesho nikaficha. Nilitaka abakiwe na kinga kidogo."

Mgambo waliona haya kuliko mimi. Yule mkubwa alivirudisha vidonge ndani ya kopo kimoja kimoja, akafuta mfuniko kwa mkono wa shati, akasema, "Shikamoo mama. Mtusamehe." Wakatusimamishia landrova wenyewe. Tukaondoka kuelekea Tarime. Kule milimani migomba imejaa pande zote mbili za barabara, na hewa ni baridi, na Mwita alilaza kichwa bega la mama, si langu.

Hospitalini

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Songea, Kiswahili chake laini mpaka mimi mwenyewe niliona aibu kufungua mdomo. Alimpima Mwita shingo, akaiinua, ikagoma kukunjika. Akamtoboa mgongoni, na maji yakatoka kwa kasi kuliko alivyotazamia, nikaona hilo usoni pake. Kisha akatoka nje akaniuliza swali ambalo sikulitegemea hospitalini.

"Mwalimu, unaweza kunipatia wino mweusi? Ule mzito wa kuchorea. Wetu umekwisha. Kuna kitu nataka kukitafuta kwenye maji haya, na hakionekani mpaka pande zote ziwe nyeusi."

Nikatoka mbio kutafuta wino. Shule ya kwanza walikuwa na wa bluu tu. Ya pili mwalimu mkuu yuko shambani kwa kazi ya kujitegemea, na ufunguo wa kabati yuko nao. Nikamfuata huko shambani. Alinipa chupa yenye wino wa kidole kimoja, akasema niutunze, ndio aliokuwa akiandikia vyeti.

Niliporudi nilimkuta mama amesimama mlangoni mwa wodi, ameshika mwimo kwa mikono miwili, na muuguzi kijana, mtu wa Tanga, amemzuia kwa upole. Ndani alikuwa baba mkubwa Marwa, kaka wa marehemu baba yetu, anayekaa nje kidogo ya mji. Alikuwa amesikia habari zetu akaja.

"Dada, nisaidie kumwelewesha mama," muuguzi akaniambia. "Anaingia mmoja tu, na mgonjwa anamwita baba yake tangu ulipoondoka. Baba, baba, baba. Bahati mzee akatokea. Lakini kila nikimwambia mama kwamba mgonjwa anamwita baba, yeye ndiye anayetaka kuingia!"

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Kwa mgeni niseme: kwa Kikurya baba ni *tata*. Na *baba* ni mama.

Muuguzi nilipomwambia alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mzee Marwa, ambaye masikio yake yamechoka, alikuwa amekaa pale muda wote akimshika mkono na kumjibu, "Nipo, mwanangu, nipo," na Mwita akiendelea kuita. Mama aliingia. Aliketi, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake. Mwita akaacha kuita.

Daktari alituita jioni ile kabla jua halijazama. Alikuwa ameona alichokitafuta: viduara vyenye mwanga kuzunguka, katikati ya wino wangu.

"Ni ukungu," akasema. "Jamii ya huu unaoota kwenye mkate. Uko kwenye vumbi, hasa penye mavi ya njiwa. Wewe na mimi tunauvuta kila siku na hautudhuru, kwa sababu tuna kinga. Yeye kinga yake tuliishusha wenyewe, kwa vidonge. Ukungu ukaingia mapafuni, ukapanda kichwani."

Mama alinivuta nguo. "Amesema kinga?"

"Amesema."

"Amesema nini juu ya kinga?"

Nilikuwa na njia nyingi za kutafsiri. Mwalimu hakosi maneno. Lakini nilimtazama, nikaona mkono wake bado una unyevu wa jasho la Mwita, nikasema, "Amesema ulisema kweli."

Nikamuuliza daktari kuhusu vile vidonge vilivyofichwa. "Kama angevimeza vyote, huenda ukungu ungeenda haraka zaidi. Kama asingemeza kabisa, figo lingekuwa limekufa. Sitaki kukudanganya, mwalimu. Sijui." Kisha akasema dawa ya ukungu huo hana, amepiga simu Mwanza, nako hakuna, wameagiza mbali zaidi. Na dawa yenyewe inachoma figo. "Ninachoweza leo ni kumpunguzia maji ya kichwani, na kuacha hivi vya njano, mwili upigane wenyewe. Lakini mwili ukiamka utalikataa na figo. Figo ni lako. Nawauliza mnasemaje."

Nikamtafsiria mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, na safari ile nilitafsiri polepole sana.

"Waambie wamrudishie kinga," akasema.

Nikaweka mkono ubavuni, juu ya mshono, nikamwambia daktari, "Viacheni."

Maji yalipopunguzwa kichwani, asubuhi ya pili Mwita alifumbua macho akatujua. Akaomba maziwa, akapewa. Akanitazama juu hadi chini, akasema, tena kwa Kiswahili, "Bhoke, umekonda. Nani tena amekula ng'ombe zako?" Nikamwambia ni yeye, mlafi mkubwa. Akamuuliza mama kama Rhobi amejifungua. Mama akamdanganya kwamba ni mtoto wa kike, mzima, ana mashavu kama yake. Akafurahi mno. Siku hiyo yote tulikuwa watu wanne: sisi watatu na yule mtoto ambaye hata hakuwa amezaliwa.

Kesho yake ile mishtuko ilirudi, mmoja nyuma ya mwingine, na mchana wa siku iliyofuata akafa. Dawa haikuwa imefika. Kabla ya hapo alisema neno moja tu, na kila mtu wodini, hata yule binti wa Tanga, alijua anamwita nani.

Kwa baba mkubwa Marwa

Kumrudisha Mbalibali hakukuwezekana, kwa barabara ile na petroli ile. Wazee wakasema azikwe nyumbani kwa baba mkubwa, kwenye ardhi ya ukoo. Kaburi lilichimbwa, watu wakaja, wanawake wakapika ndizi na uji. Nikadhani yaliyobaki ni kulia tu.

Lakini wazee walikaa kando, na hawakumaliza. Mwishoni nikaitwa. Mmoja wao, mwenye fimbo nyeusi, akaniuliza, "Binti yetu, tumesikia kuna nyama yako ndani yake. Ni kweli?"

"Ni kweli, tata."

"Na daktari hakuitoa akakurudishia?"

"Hairudishwi, tata. Ilikuwa yake, nilimpa."

"Ulimpa, sawa. Lakini wewe uko hai. Sisi hatujawahi kumzika mtu aliye hai, hata kipande."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, na kile kichwa changu cha ualimu kilikuwa tayari kimeanza kuandaa somo. Walizungumza tena, wakanong'onezana. Desturi haikuwahi kukutana na jambo hilo, ikabidi waipe njia wenyewe. Wakakubaliana azikwe alivyo. Ila mimi nisitupe udongo kaburini, kwa sababu nitakuwa najifukia mwenyewe.

Walichelewa kuniambia. Sanduku liliposhushwa, wa nyumbani walianza kuinama, nami nilishainama nikachota udongo kabla ya mzee yule kunishika bega na kuniambia. Nikabaki nimesimama pale, ngumi imejaa udongo mwekundu wa Tarime. Nilimbeba mtu huyu tangu Mbalibali. Nilivuka naye mito miwili. Nilitafuta wino. Na sasa naambiwa nisimtupie udongo, kwa neno walilolitunga asubuhi hiyo. Maneno nilikuwa nayo, mengi, yote sahihi.

Mama alikuja kutoka upande wa pili wa kaburi. Tangu Nyamongo sikuwa nimemwomba msamaha, na hadi wakati huo sikujua ningeuanzia wapi. Alinishika mkono, akafungua vidole vyangu kimoja kimoja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kitu chenye ncha. Akachukua udongo wangu wote, akageuka, akamtupia Mwita kwa niaba yangu. Kisha akarudi, akashika upindo wa khanga yake, akanifuta kiganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka isibaki hata chembe.

"Kinga," akasema. Kwa Kiswahili, ili nielewe.

Safari hii sikubisha.